Mtu wa Pili Ghalani

Aliyenieleza jambo hili kwanza ni wifi yangu, mke wa kaka. Alikuja kwangu alasiri, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, hata maji hakutaka.

"Wifi," akasema, "kaka yako amepona kikohozi."

"Si ndiyo heri?"

"Si heri," akasema kwa sauti ya chini, na ndipo aliponisimulia.

Kaka alikuwa mtunza ghala la kemikali katika kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Ghala lenyewe ni chumba kirefu kisicho na dirisha, kina feni moja tu ukutani, na hewa yake ndiyo iliyompa kaka kikohozi cha miaka. Asidi hukaa kushoto, klorini kulia, na katikati kuna mstari wa manjano ambao pipa halivuki, maana vitu hivyo viwili vikikutana hewa inakuwa sumu. Mlangoni ilibandikwa sheria: haingii mtu mmoja. Wanaingia wawili, mmoja wao awe na cheti cha kushika kemikali hatari, na wote watie sahihi daftarini kabla kufuli halijafunguliwa.

Mwenye cheti alikuwa mzee waliyemwita Mzee Funguo. Alipofariki, cheti chake kiliachwa ukutani ndani ya fremu. Kumfunza mtu mwingine kungechukua wiki sita, na meneja hakutaka kusubiri.

"Wewe andika jina lako, mstari wa pili andika la mzee," alimwambia kaka. "Kwani atakuja kulalamika?"

Wapakiaji wakacheka. Kaka akaandika. Akaandika kila asubuhi kwa miezi minne, akawa anaingia peke yake.

Siku moja alikuta glavu za marehemu, zilizokuwa zimetundikwa msumarini tangu msiba, zimelowa jasho kwa ndani, tena zina joto.

"Nani kavaa glavu za mzee?" akauliza.

"Muulize mwenzako wa mstari wa pili," mpakiaji mmoja akamtania.

Kesho yake lebo zote za mapipa zilikuwa zimegeuziwa ukutani. Kukawa na harufu, si ya asidi wala ya klorini, bali ya nywele zinazoungua. Kisha kaka akafungua daftari akakuta mstari wa pili umeshatiwa sahihi. Wino ulikuwa mbichi. Mwandiko haukuwa wake wala wa marehemu.

Siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, mashine zikinguruma upande wa pili wa ukuta, aliinama kusogeza pipa la asidi ambalo siku zote lilimshinda, akahisi upande wa pili umekuwa mwepesi kama kwamba kuna mtu ameushika, na kabla hajainua macho akasikia sauti ya mtu aliyevaa barakoa ikimwambia inua upande wako, naye akainua, kwa sababu angeliachia lingemmwagikia miguuni, wakalibeba pamoja hatua kwa hatua hadi likavuka mstari wa manjano likielekea kwenye klorini.

"Si huko!" kaka akanong'ona. "Tutakufa!"

"Kwa nini?" sauti ikauliza, taratibu, kama mtu anayejifunza kazi.

Kaka, kwa hofu, akaieleza. Ikauliza jingine, akaeleza. Siku baada ya siku akaifundisha kila kitu, kwa kuwa alipokataa, pipa lilisogea lenyewe.

Wifi akaenda kwa mganga. Mganga alitaka kujua jina liliandikwa mara ngapi. Alipoambiwa, akatikisa kichwa.

"Huyo si marehemu, mwanangu. Marehemu kapumzika. Huyo ni jini. Alikuta jina halina mwenyewe, akalivaa. Mimi humtoa aliyevamia. Huyu mmemkaribisha kwa kalamu kila asubuhi, nitamtoaje? Ondoeni cheti ukutani, muache kumwandika."

Meneja alikataa katakata. "Ukaguzi ni Alhamisi. Cheti kikitoka, kiwanda kinafungwa. Nani atawalisha watoto wa watu mia mbili? Mganga wako?"

Alhamisi mkaguzi akaingia ghalani. Kaka alibaki mlangoni. Mkaguzi alitoka anafuta macho, anatabasamu.

"Mzee wenu kazi anaijua. Kila nilichouliza kajibu." Akagonga muhuri, cheti kikaongezewa miaka mitatu.

Kesho yake kaka alipofika, alikuta mistari yote miwili imeshatiwa sahihi. Mwandiko ulikuwa mmoja.

"Tangu siku hiyo hakohoi," wifi akaniambia, akiutazama mlango. "Anarudi, anasalimia watoto, anakula. Jana nimemkuta jikoni kageuza chupa zote, maandishi yanatazama ukuta. Nikamshika mkono. Wifi, ngozi ilikuwa inateleza juu ya kitu kingine, kama glavu."

"Na kaka yuko wapi?"

Alilia kwanza. "Wapakiaji wanasema ghala likifungwa, ndani kuna mtu anakohoa."

Asubuhi iliyofuata nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda hadi nyuma ya ghala, chini ya feni. Nilikisikia kikohozi. Nikakijua. Nikamwita kaka.

Kikohozi kikanyamaza. "Mdogo wangu," sauti yake ikatoka, imekwisha kabisa, "usiandike jina."

Mlango ukafunguka upande wa mbele, akaja mtu mwenye uso wa kaka, ameshika daftari na kalamu. Alinuka nywele zilizoungua.

"Karibu, dada," akasema. Kaka hajawahi kuniita dada. "Unataka kumwona? Lakini haingii mtu mmoja." Akamtazama mwanangu juu ya bega langu, akatabasamu, akafungua ukurasa mpya, akanitia kalamu mkononi. "Mwandike na huyo."

Nilimrudishia kalamu yake. Nikakaza mbeleko, nikageuka, nikashika njia ya nyumbani bila kuangalia nyuma, hata kikohozi kilipoanza tena.