Beseni la Ndugu Wema

Katika kichochoro chetu hapa mjini Tainan, Meiyue ndiye huamka kwanza. Kabla ya mapambazuko anawasha mota ya kuvuta maji, anaosha soya alizoziloweka jioni, kisha anawasha mashine ya kusaga. Harufu ya maziwa ya soya ikiingia madirishani, sisi wengine tunajua kumekucha. Hatuna haja ya saa.

Meiyue ni mjane. Ana binti mmoja, Yachun. Huyu binti alimpa mama yake furaha kubwa, halafu akampa mashaka. Furaha, kwa sababu alisomea uhandisi wa ujenzi, akafaulu mtihani wa kazi za serikali, ule ambao wengine huurudia mpaka wanaota mvi. Mwenyekiti wa mtaa alibandika karatasi nyekundu mlangoni kumpongeza. Mashaka, kwa sababu baada ya sifa zote hizo Yachun alipangiwa ofisi ya maji, akarudi nyumbani na viatu vya mpira na fimbo ndefu ya chuma.

"Hiyo fimbo ya nini?" Meiyue aliuliza.

"Ya kusikilizia mabomba, mama. Ncha moja naiweka barabarani, nyingine sikioni. Bomba likivuja chini ya lami, nalisikia."

"Umesoma miaka yote hiyo ili ukasikilize barabara?"

"Napima presha pia. Nachora mabomba mapya ya mitaa. Napanga..."

"Binamu yako yuko kiwandani, mjini Hsinchu. Anakaa kwenye kiyoyozi, anatengeneza vidude vya kompyuta. Wewe unasikiliza barabara!"

Meiyue hakuielewa kazi ile. Mimi simlaumu. Maji yakitoka bombani, nani kati yetu hujiuliza nani ameyafikisha? Tunajaza birika, basi.

Mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi mwandamo uliingia, ule ambao mizimu isiyo na wenyewe huja kutembea duniani. Jina lao hatulitaji. Tunawaita ndugu wema, tusije tukawaudhi. Siku ya kwanza ya mwezi huo kila nyumba hutoa meza nje: biskuti, tambi za pakiti, chai ya kopo, udi. Kando ya meza huwekwa beseni la maji na taulo jipya, maana mgeni akitoka mbali hunawa kwanza.

Meiyue na jirani yake Sufen huweka meza moja. Wamefanya hivyo tangu walipokuwa maharusi. Beseni ni la Sufen, la bati lililopakwa rangi nyeupe, na chini limechorwa samaki wawili wekundu. Asubuhi ile Sufen alilijaza kwenye bomba la jikoni kwake, akalileta. Meiyue akainama.

"Dada, samaki wako wako wapi?"

Maji yalikuwa na rangi ya chai. Samaki hawakuonekana.

"Ala! Jana jioni yalikuwa safi," Sufen alisema. "Au ndugu wema wamechukizwa?"

"Wamechukizwa na nini, na tambi tumewanunulia za nyama? Ni kile kimbunga cha juzi tu. Kimevuruga mto."

Wakacheka, wakamwaga maji. Lakini siku chache baadaye hakuna aliyecheka. Pinpin, mjukuu wa Sufen, alianza kuhara na kutapika. Wakampeleka hospitali. Swali la kwanza la daktari lilikuwa hili: "Mtoto anakunywa maji gani?"

Yachun alikuja na chupa zake kuchukua maji ya kupima. Alikuja mchana. Maji yalitoka maangavu.

"Shangazi, haya ni safi. Hata dawa ya kuulia vijidudu imo ya kutosha."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo, shangazi."

Kesho yake alfajiri yakatoka machafu. Saa ya chakula cha mchana yakawa safi tena. Kichochoro kizima kilichanganyikiwa. Mmoja alisema ni kimbunga. Mwingine alisema ni ndugu wema, tena wa nyumba ile ya pembeni isiyokaliwa. Yachun alitembea na fimbo yake mara huku mara kule, akasikia bomba linavuja karibu na mtaro wa maji machafu. Lakini hilo nalo halikueleweka. Bomba likivuja, maji hutoka nje. Uchafu uliingiaje ndani, tena alfajiri tu? Na kwa nini maji ya Meiyue, mlango wa pili tu, hayakuwa na tope hata kidogo?

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma Sufen.

"Kwako safi, kwangu matope," alimwambia Meiyue mbele za watu. "Binti yako anakula mshahara wa maji, mjukuu wangu anakunywa taka! Basi meza ya ndugu wema kila mtu na yake."

Alichukua beseni lake, akaingia ndani. Meiyue alibaki amesimama na kopo la maziwa mkononi. Aliumia sana. Usiku alimwekea Yachun uji mezani.

"Binamu yako amenipigia," alimwambia Yachun. "Nafasi ipo kiwandani. Wewe na fimbo yako umeshindwa na kichochoro chako mwenyewe. Mwezi huu wa ndugu wema ukiisha hujajua sababu, uache hiyo kazi. Uende Hsinchu."

Yachun alikoroga uji wake bila kuunywa. Aliipenda kazi ile kuliko alivyoweza kueleza.

"Mama, kiwandani nikikosea, kidude kinatupwa. Huku nikikosea, mtoto kama Pinpin anaugua. Ndiyo maana nataka kukaa hukuhuku."

"Sikuelewi."

"Najua. Sawa, mama. Nikishindwa, nitakwenda."

Siku zikapita, jibu hakuna. Yachun alichora kichochoro kwenye karatasi, akakifuta, akakichora tena. Mwisho akaenda kuketi jikoni kwa Sufen, ingawa Sufen alimpa mgongo.

"Shangazi, nisaidie jambo moja. Maji huchafuka ukiwa unafanya nini?"

"Nikipika uji wa Pinpin. Nikimaliza tu, yanasafika. Yananichezea!"

"Na huanza kupika saa ngapi?"

"Saa ya nini? Nikisikia mashine ya mama yako, nashuka jikoni. Miaka yote ndivyo."

Yachun alinyanyua kichwa. Aliaga, akatoka haraka.

Alfajiri iliyofuata alirudi na kipima presha, kidude cha duara chenye mshale kama wa saa. Alikifunga kwenye bomba la uani kwa Sufen. Mshale ukasimama mahali pake. Wakangoja. Mara, ng'ambo ya ukuta, mota ya Meiyue ikaanza kunguruma. Mshale ukashuka. Ukashuka tena, ukapita sifuri.

"Kimeharibika?" Sufen aliuliza.

"Hapana. Shangazi, fungua lile bomba la jikoni, uweke kiganja mdomoni mwake."

Sufen akaweka. Akapiga ukelele. "Mama yangu! Linaninyonya mkono!"

Yachun alikwenda ukutani. Akaita. "Mama! Zima mota!"

Mngurumo ukakoma. Mshale ukapanda.

"Washa tena!"

Mshale ukaanguka. Sufen alimtazama Yachun, na Yachun akatazama chini. Meiyue akatokea mlangoni na aproni yake, mikono imejaa povu la soya.

"Kuna nini na mota yangu?"

"Mama, mota yetu imefungwa wapi?"

"Kwenye bomba. Marehemu baba yako aliweka fundi, maana maji hayakufika kwenye tangi la paani. Kila mtu amefanya hivyo!"

"Ndiyo tatizo. Mama, ukinywa chai kwa mrija, na mrija una tundu, unavuta nini?"

"Hewa. Mtoto mdogo anajua."

"Na tundu likiwa limezama kwenye maji ya mtaro?"

Meiyue alifuta povu mikononi.

"Presha ya bomba la mtaani ikiwepo, uchafu hauwezi kuingia," Yachun aliendelea polepole. "Maji yanausukuma nje. Lakini mota yetu inanyonya bomba hilo moja kwa moja. Presha inaisha, na pale palipopasuka majuzi panavuta maji ya mtaro. Ukizima, maji hurudi kwa shangazi na uchafu huo kwanza, kisha yanakuwa safi. Ndiyo maana mchana sikuona kitu."

"Mbona kwangu si machafu?" Meiyue aliuliza.

Wakapanda paani wote watatu. Yachun alifunua tangi la chuma, akamulika tochi. Juu maji yalikuwa maangavu. Chini kulikuwa na tope laini, jeusi, limetulia chini ya tundu la bomba la kushukia. Kwa bahati maziwa ya soya huchemshwa sana. La sivyo wateja wote wangeugua.

Meiyue alikaa chini palepale kwenye saruji. "Dada Sufen," alisema, "mimi ndiye niliyempa Pinpin taka." Akalia. Sufen alikuwa na maneno mengi ya kusema, na haki ya kuyasema. Badala yake alimfuta machozi kwa ncha ya aproni.

"Mama, lazima nitoe taarifa ofisini," Yachun alisema. "Kufunga mota kwenye bomba la umma ni kosa."

"Utamshtaki mama yako?" Meiyue aliuliza.

"Nitaanza na sisi. Kisha nitagonga milango mingine. Nikituruka sisi, nani atanifungulia?"

Meiyue aliinuka kutoka chini. "Anza na sisi," alisema.

Mota ikang'olewa siku ileile. Ilibaki kazi ya kuchimba barabara na kubadilisha bomba lililopasuka. Hapo Sufen akasita.

"Kuchimba ardhi mwezi huu? Ni mwiko. Tungoje ndugu wema waondoke kwanza."

"Dada," Meiyue alisema, "na hao ndugu wema si wananawa kwenye beseni lako? Unadhani wanapenda kunawa matope?"

Sufen alifikiri. Akaenda kuwasha udi, akawaeleza wageni hao kwa adabu kwamba kutakuwa na kelele kidogo, wawe wavumilivu. Kazi ikaanza. Yachun alisimama shimoni na viatu vyake vya mpira, akiwaelekeza mafundi, na Meiyue akawapelekea maziwa baridi. Kwa mara ya kwanza aliona kwa macho yake kile kilichokuwa chini ya miguu yake siku zote: bomba la zamani, limepasuka kwenye kiungio, limelala kando ya mtaro.

Nyumba za kichochoro chetu zenye mota ya namna ile hazikuwa chache. Nami nilikuwa nayo, sitaficha. Yachun alipita akitueleza sote njia iliyo sahihi. Maji ya mtaani yaingie yenyewe, taratibu, kwenye tangi la chini. Tangi liwe na mfuniko mzuri, na boya la kufunga maji likijaa. Mota ivute kutoka kwenye tangi hilo kupeleka paani, isiguse kabisa bomba la umma. Matangi yasafishwe kila baada ya miezi sita. Na maji yakibadilika rangi, harufu au ladha, tupige simu ofisi ya maji, na ya kunywa tuyachemshe mpaka tuambiwe ni salama.

"Si kazi ngumu," mzee mmoja alisema.

"Ni ngumu kuijua," Meiyue alimjibu kwa ukali. "Binti yangu ameisomea."

Pinpin alirudi nyumbani amekonda, akaomba uji, akaomba tena.

Siku ya mwisho ya mwezi tunatoa meza tena, kuwaaga ndugu wema. Meiyue alitoa yake. Sufen akatoka na biskuti zake, hakutafuta mahali pengine, akazipanga palepale. Kisha akamkabidhi Meiyue beseni.

"Lijaze wewe. Kwenye bomba langu."

Wakati Meiyue anajaza, simu yake ililia. Alikuwa binamu wa Hsinchu. Nafasi bado ipo, alisema, lakini jibu linatakiwa leo.

"Mpe mwingine," Meiyue alisema. "Yachun ana kazi."

"Kazi gani hasa, shangazi? Sijawahi kuielewa."

Meiyue alitazama ndani ya beseni. Samaki wawili wekundu walionekana mpaka magamba.

"Njoo nikuonyeshe," alisema, akafunga bomba.