Nyayo Chini ya Nailoni

Yaliyompata shangazi nayasimulia mimi kwa sababu nilikuwepo, na yeye hataki tena hata kusikia neno nyanya.

Asubuhi ile tulimwagilia nyanya shambani kama kawaida. Kufika saa sita mchana mistari mitatu ilikuwa imenyauka, na udongo bado umelowa. Shangazi aling'oa mche mmoja. Mizizi ilijaa vinundu, kama shanga zilizotungwa ovyo.

"Minyoo fundo," bwana shamba alisema alipokuja kuukagua. "Ni wadogo, huwaoni kwa macho. Wanaingia ndani ya mzizi, wanaunyonya."

Msimu uliofuata tulipanda bilinganya, zikadumaa nazo. Tukaliacha shamba wazi, tukang'oa magugu mpaka viganja vikachubuka. Nyanya tulizopanda baadaye zikatoka na vinundu vikubwa zaidi. Jirani akanong'ona kwamba shangazi amerogwa.

"Mchawi mzima ahangaike na nyanya? Hana kazi?" shangazi alijibu. Hakucheka. Alilipiga jembe lake chini, akaenda kukaa kizingitini, akanipa mgongo.

Bwana shamba akatushauri tulowanishe udongo, tuufunike kwa nailoni angavu, tuzike kingo zake, jua liwaunguze minyoo kwa wiki sita. Tukafanya hivyo. Hakuna aliyekatiza pale.

Siku ya kufunua, jua lilikuwa la utosi. Shangazi aliinama ashike pembe ya nailoni. Akabaki ameinama.

Nailoni ilikuwa na nyayo. Kisigino, vidole vitano. Lakini hazikubonyea. Zilituna. Zilisukumwa kutoka chini kuja juu, kana kwamba mtu alitembea huko udongoni, kichwa chini.

"Umekanyaga wewe?" alininong'oneza.

"Hapana, shangazi."

Akavua kandambili. Akaweka mguu juu ya unyayo wa kwanza. Ukaenea. Wa pili. Ukaenea. Akazifuata hadi katikati ya shamba, ambapo nyayo mbili zilisimama sambamba. Akasimama juu yake.

"Pana joto," alisema taratibu. "Si la jua."

Hatukulima tena pale. Nailoni niliikunja, nikaiweka stoo, nikaikandamiza kwa matofali mwaka mzima. Juzi nimeikunjua. Vidole bado vimetuna.

Na pembeni mwa zile nyayo kuna jozi nyingine, kubwa kidogo, ambayo haikuwepo.

Sijathubutu kuvua viatu.