Kisingizio cha Njia Ndefu

Kila asubuhi, wenzake walipokuwa wakifagia darasa, mwanafunzi mmoja alikaa juu ya dawati akitoa hotuba. Walimwita Profesa kwa kejeli, naye kwa ujinga wake akadhani ni sifa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kusoma kina cha mto kwenye nguzo ya daraja kila siku, kisha kutuma vipimo kwa shule rafiki ya ng'ambo ya mto, katika nchi jirani. Shule hizo mbili ziliandaa ripoti moja kwa ajili ya mashindano ya sayansi.

"Profesa, wenzetu wanasema hawajapata kitu," mwalimu alimwambia.

"Nimetuma, Mwalimu. Mtandao ndio tatizo. Ujumbe wa kwenda hapo ng'ambo lazima uvuke bahari hadi Ulaya kwanza, ndipo urudi. Utafika tu."

Mwalimu aliamini, maana habari ya Ulaya ilikuwa kweli: mitandao ya nchi hizo mbili haikuwa imeunganishwa moja kwa moja. Upuuzi mtupu! Jogoo wa huku akiwika wa kule hujibu, lakini salamu za mtandaoni lazima zizunguke dunia. Ila Profesa hakuwa ametuma chochote. Muda wa kupima aliutumia kuuchapa usingizi.

Siku ya kukamilisha ripoti, shangazi yake, fundi wa mtandao wa vyuo vikuu uliohudumia pia shule hiyo, alikuja darasani na kompyuta.

"Wanangu, ule upuuzi wa kupitia Ulaya umekwisha. Wiki iliyopita tuliunganisha mtandao wetu na wa jirani moja kwa moja. Tazameni."

Mara akatokea kwenye kioo msichana, kiongozi wa wanafunzi wapimaji wa shule ya ng'ambo.

"Shikamoo, Mwalimu. Sisi tumepima kila siku, hata ya mvua. Vipimo vyenu viko wapi? Bila hivyo tutatolewa wote."

Darasa zima likamgeukia Profesa.

"Vi... vinapitia Ulaya," akasema.

Shangazi akasonya. "Ulaya ipi? Vimepanda meli? Hebu fungua nione ulichotuma."

Hakukuwa na kitu. Profesa akaangua kilio, na hakuna aliyemhurumia.

"Sikupima, nilikuwa nikilala," akamwambia yule msichana. "Nisameheni."

"Tuandike ukweli," msichana akajibu kwa ukali, "kwamba upande wenu haukupimwa."

Wakaandika hivyo. Kwa ukweli huo waamuzi waliipokea ripoti, ila waliipunguzia alama, na wa ng'ambo wakakosa ushindi walioutolea jasho.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," shangazi alimwambia. "Mtandao tumeutengeneza. Maji uliyoyalalia yameshapita, hakuna fundi wa kuyarudisha. Inuka ukapime ya leo."