Vidonge Ndani ya Soksi

Kila siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, mama alisimamisha cherehani yake, akanawa mikono na kumtolea kaka vidonge vyake: viwili vyeupe na kimoja cha njano.

"Haya, mwanangu. Meza mara moja, usivichezee."

Kaka alivipokea, akaenda navyo jikoni kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Mama alirudi kwenye nguo zake, nami nikarudi kwenye daftari langu.

Kaka alikuwa na miaka kumi na mitano. Figo zake zilikufa zote mbili, na kwa mwaka mzima alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, akirudi amechoka hadi hawezi kuvua viatu. Mwishowe mama akampa figo yake moja. Wote wawili walipasuliwa siku moja. Baada ya hapo kaka alianza kukojoa kama watu wengine, na alitutangazia kila alipotoka chooni, hata kama sebule imejaa wateja wa mama. Tulicheka sana siku zile.

Daktari alitueleza wazi. "Mwili unaiona figo hii kama mgeni, unataka kuifukuza. Vidonge ndivyo vinavyoutuliza. Atavimeza maisha yake yote, bila kuruka hata siku moja."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kaka aliniita Kasuku, kwa sababu sikuwa na dogo: kila nililolisikia lilitoka mdomoni. Laiti ningebaki kuwa hivyo hivyo!

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa mtafsiri katika banda la video. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwaeleza watazamaji kwa Kiswahili mambo ambayo watu wa kwenye filamu walikuwa wanasema. Mama alinikataza kabisa kuingia pale. Lakini Jumamosi moja mchana alinituma uzi, nami nikapitia bandani na kujibanza nyuma ya mlango.

Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani, haina rangi, na ilionekana wazi kwamba walioitengeneza walikuwa wameunga-unga. Chumba cha upasuaji kilikuwa na meza moja na chupa tatu. Kulikuwa na jitu, na mkono wake ulikuwa glavu tu. Mimi mtoto wa mshonaji niliona hadi mahali uliposhonwa. Hata hivyo niliogopa. Daktari katili alimwekea tajiri mmoja figo ya mtu aliyenyongwa, na kila jioni alimpa vidonge.

"Masikini, hajui!" mjomba alinguruma kwenye kipaza sauti. "Hivyo vidonge ndivyo chakula cha maiti iliyomo ndani yake! Kadiri anavyomeza, ndivyo inavyokua!"

Mwishoni tajiri aligeuka jitu, akamkaba koo mama yake mzazi mpaka akafa.

Jioni ile nilimsimulia kaka yote. Nilipoona anasikiliza kwa makini, nikanogewa, nikaongeza langu: "Tena mjomba amesema ni kisa cha kweli." Mjomba hakusema hivyo. Hayo niliyasema mimi, ili hadithi ikolee.

Siku kadhaa baadaye, nikifagia chumba cha kaka, niliinua godoro nikakuta soksi iliyofungwa fundo. Nilipoifungua, vidonge vilimwagika sakafuni, vyeupe na vya njano. Kaka akanikuta nimepiga magoti navyo.

"Kaka, hivi si dawa zako?"

"Funga mdomo," alisema huku akivizoa. "Unataka niamke siku moja nimkabe mama? Ameshanipa figo yake, halafu mimi nije nimuue?"

"Lakini ile ni filamu tu, kaka."

"Si ulisema ni ya kweli?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba nilidanganya. Badala yake nilimsaidia kuokota vidonge vilivyobaki.

"Ukimwambia mama," akaendelea, "na mimi nitamwambia ulikuwa wapi Jumamosi."

Nikanyamaza. Nilinyamaza siku nne. Kila saa moja nilimwona mama akinawa mikono na kutoa vidonge, nami nikainamia daftari. Siku ya tatu uso wa kaka ulivimba. Siku ya nne alipata homa, akashika tumbo upande ule wenye figo, na hakwenda chooni tangu asubuhi. Mama aliacha gauni la mteja chini ya sindano, tukamkimbiza hospitali.

Daktari alipokea majibu ya damu akayasoma mara mbili. "Mama, figo inashindwa. Dawa anakunywa?"

"Nampa kwa mkono huu wangu, daktari. Asubuhi na jioni."

"Hajaruka?"

"Hata siku moja. Naapa."

Daktari alishusha pumzi. "Kama dawa anapata sawasawa na bado iko hivi, basi tatizo ni kubwa kuliko nilivyodhani. Huenda tukalazimika kuitoa."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya korido, mkono mmoja ubavuni kwenye kovu lake. "Sina nyingine ya kumpa," alisema. "Mimi nimebaki na moja tu."

Sikuogopa tena fimbo wala aibu.

"Daktari, hamezi," nikasema. "Anavificha ndani ya soksi chini ya godoro. Ni kwa sababu yangu. Nilimdanganya."

Nilieleza yote nikilia. Daktari hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu, ni siku ngapi, kisha akageuka na kumwita muuguzi kwa sauti. Kaka aliwekewa dripu ya dawa kali, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mjomba alikuja na kusimama miguuni mwa kitanda.

"Mpwa wangu," alimwambia kaka, "lugha ya filamu ile siijui hata kidogo. Naangalia midomo tu, natunga. Mambo ya vidonge niliyatia chumvi mwenyewe. Nisamehe."

"Kwa hiyo hakuna maiti ndani yangu?" kaka aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndani yako kuna figo ya mama yako," alijibu muuguzi, akimpa kikombe cha maji na vidonge. "Meza, tena mbele yangu."

Siku ya tano kaka alikojoa. Safari hii hakuna aliyetangaza. Daktari alisema figo imepona, lakini sehemu yake imeharibika na haitarudi. Ingeweza kumtumikia miaka mingi. Sasa ingekuwa michache zaidi. Mingapi imepotea, hakuweza kusema.

Siku tuliporudi nyumbani mama aliniita, akanikalisha mbele yake.

"Kuingia bandani ulikosea," alisema. "Kuongeza uongo kwenye hadithi ulikosea zaidi, maana mgonjwa hushika kila neno analoambiwa. Lakini hayo yote yangerekebishika jioni moja. Kaka yako hakuharibikiwa na filamu, mwanangu. Ameharibikiwa na zile siku nne ulizojua ukanyamaza. Ukikosea, njoo useme siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Nitakasirika, ndiyo. Hasira yangu itaisha."

"Na figo, mama?"

Mama aliinuka, akalichukua lile gauni la mteja aliloliacha chini ya sindano.

"Figo haioti upya," alisema.