Mkanda wa Upepo

Kabati la chumba cha upasuaji halikuvunjwa. Dawa za usingizi zilikuwepo, mikasi ilikuwepo. Kilichoibwa ni mkanda mmoja wa kujazwa upepo, ule unaofungwa pajani kuzuia damu mguu unapopasuliwa.

Inspekta Chediel alijikuna kichwa. Mwizi gani huyu, aache dawa achukue mpira?

"Hamna mwingine?"

"Ni huo mmoja tu," alijibu Daktari Yeremia. "Unajishika wenyewe bila kifungo, ukibanduka utasikia kraaa. Bila huo Festo hapasuliwi, damu itamwisha mezani."

Festo, mrina asali wa Rungwa, aliangukiwa mguuni na mzinga wa gogo, na usaha ulikwishaingia mfupani.

Chediel alishuku maduka ya dawa, maana tangu biashara iachiwe huru yameota kama uyoga. Pengine mtu anaupimia watu presha! Akayapekua siku mbili, akatoka mikono mitupu. Mafundi baiskeli, aliodhani wameuziwa mpira huo, nao wakamcheka. Alama za vidole kabatini zilimvuruga zaidi, kwani siku hizi ndugu wa wagonjwa hununua wenyewe glavu na nyuzi, na kuzipanga humo kwa mikono yao.

Ndugu! Mbona hakuwawaza?

Wodini, akiwa na daktari, alimkuta Sijaona, mke wa Festo, kando ya kitanda cha mumewe. Binti huyo akapiga goti kama alivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

Chini ya kanga yake kitu kikalia: kraaa!

Chediel alisahau hata kuitikia. "Utoe mwenyewe, mwanangu," alisema, akageuza uso.

Sijaona akautoa kiunoni.

"Kwa nini?"

"Jirani yetu Mrisho alifungwa huu, akatoka hana mguu. Nilipoleta glavu nikauona. Nikasema, usipokuwepo hawamkati mume wangu."

"Walitaka kusafisha mfupa tu!"

"Nani aliniambia, baba?"

Chediel akamgeukia daktari. "Hamkumwambia?"

"Tulimwambia mgonjwa."

Daktari alikuwa amefunua shuka. Vidole vya mguu wa Festo vilikuwa vimegeuka vyeusi. Alivibonyeza kimoja kimoja, lakini Festo hakushtuka.

"Juzi tungesafisha," alisema taratibu. "Leo tunakata."

Chediel alishika pingu mfukoni, akaziachia. Hakujua amkamate nani.

Sijaona alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akamnyooshea daktari mkanda kwa mikono miwili.

"Basi muukaze vizuri," alisema. "Damu isimwishe."