Ubao Haukuinama

Kama una kijiko mkononi, kiweke chini kwanza. Sababu utaijua mwishoni, na usije ukasema hukuambiwa.

Siku ile Ran-hui aliketi kwenye ncha moja ya ubao, na ubao haukuinama. Ni hilo tu. Ubao wenyewe ulikuwa umening'inizwa kwa kamba moja iliyopita kwenye kapi huko juu, kisha ikashuka kushika ncha zote mbili, kwa hiyo mtu akikalia ncha moja, ya pili lazima ipae kama mizani ya muuza duka mwizi. Lakini Ran-hui alikaa, akachezesha miguu, na ubao ukabaki umenyooka kama meza ya wageni.

"Kumbe mwepesi hivyo?" mumewe Gyu-tae akamtania, simu mkononi. "Na ule wali wa asubuhi uliuweka wapi?"

"Piga picha, acha maneno."

Walikuwa wametoka Daegu, mji usioijua bahari, wakavuka daraja kuja kisiwani Yeongdo kushangaa mtaa wa nyundo. Meli bado zinapandishwa nchi kavu pale, mafundi wanachomelea, harufu ya rangi inawasha macho. Ila wasanii nao wamejipenyeza katikati ya karakana, kuta wamezichora nyuso kubwa za wanawake, na ghala moja la rangi sasa ni mkahawa. Mbele ya mkahawa huo pamesimamishwa kipande cha ubavu wa meli kuukuu, na mbele yake ubao wa wanawake wa nyundo, ili wageni wapate picha. Wanawake hao ndio waliokuwa wakibandua kutu. Waliketi wawiliwawili ubaoni, wakining'inia ubavuni mwa meli kutwa nzima, wakigonga chuma mpaka masikio yakafa.

Ulikuwa mchana, ukungu wa mwezi wa sita unapanda kutoka baharini. Watu huogopa majini wa usiku. Wa usiku ni watoto. Muogope anayekujia mchana, watu wanakunywa kahawa.

Kang', kang', kang'.

"Umesikia?" Ran-hui akauliza.

"Mafundi hao."

"Hapana, Gyu-tae. Ni hapa. Ni pembeni yangu."

Gyu-tae akacheka. "Sasa mtu akibisha hodi, haitikiwi? Mama yako hakukufunza adabu? Mjibu!"

Kulikuwa na nyundo ndogo, imefungwa kwa uzi ubaoni. Ran-hui akaishika, akagonga chuma mara mbili.

Mlangoni mwa mkahawa, bibi kizee aliyekuwa akimenya vitunguu saumu aliangusha bakuli.

Huyo ni Bibi Pil-sun, mama yake Chun-bae mwenye mkahawa. Hasikii hata honi ya meli. Chun-bae hupenda kuwaambia wateja kwamba bomu likilipuka, mama yake atauliza nani amekohoa. Lakini sasa alikuwa amesimama, uso umemkauka kama ngozi ya pweza aliyeanikwa.

"Nani amemjibu?" akauliza.

"Amemjibu nani, mama?" Chun-bae akatoka na kitambaa begani.

"Gap-bun. Nani amemjibu Gap-bun?"

Chun-bae akageuka kumtazama Ran-hui ubaoni, na kitambaa kikamteleza begani.

"Ndugu yangu wa Daegu," akamwambia Gyu-tae kwa sauti ya chini, "mwambie mkeo ashuke. Sasa hivi."

"Ran-hui, shuka twende."

Ran-hui hakugeuka. Alikuwa akigonga taratibu, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, na kila pigo likimwaga unga wa kutu kwenye nywele zake, ingawa chuma kile wasanii walikuwa wamekisugua na kukipaka rangi ya bluu na hakikuwa na kutu hata chembe.

"Ran-hui!"

"Hakusikii," alisema Bibi Pil-sun, ambaye naye hakumsikia Gyu-tae, alimwona midomo tu. "Masikio hutangulia."

Akamweleza harakaharaka, macho hayabanduki ubaoni. Wao, wanawake wa nyundo, walikuwa viziwi, basi waliongea kwa nyundo. Mapigo matatu: nimekaa, na wewe je? Mapigo mawili: nami nimekaa, sinyanyuki bila kukuaga. Hicho kilikuwa kiapo. Ukinyanyuka kimyakimya, ubao unapinduka, mwenzako amekwenda.

"Gap-bun alikuwa mwenzangu. Siku aliyoanguka, mimi nilikuwa nazaa huyu mjinga," akamwonyesha Chun-bae kwa kidevu, "naye akapanda peke yake, meli ilikuwa inaharakishwa. Tangu hapo anatafuta wa kukaa ncha ya pili. Miaka yote hii ananigongea. Sauti yake ndiyo pekee ninayoisikia duniani. Simjibu."

"Si mngemtoa?" Gyu-tae akanong'ona, akigeuza uso ili bibi aone midomo. "Hakuna mganga?"

"Tulimleta mganga wa kengele," Chun-bae akadakia. "Akacheza kutwa, kichwa cha nguruwe cha sadaka mezani. Yule marehemu akagonga kufuatisha ngoma."

Ubao ukaanza kupanda.

Hapakuwa na mtu aliyevuta kamba, fundo lilikuwa palepale kwenye pete, na bado ubao ulipanda ukutani mwa chuma taratibu, umenyooka, ncha moja Ran-hui na ncha ya pili ukungu, ukungu ambao sasa ulikuwa mzito kuliko mwingine na wenye umbo la mgongo uliopinda na kichwa kilichofungwa kilemba, na harufu ya kutu na rangi mbichi na maji ya chini ya meli ikamjaa Gyu-tae kooni mpaka akashindwa kuita, akamrukia mkewe miguu, akaikuta ya baridi na imelowa kama iliyotoka baharini, na nyundo huko juu yake zilikuwa mbili, moja ikiuliza na moja ikijibu.

"Usimvute!" Bibi Pil-sun akafoka. "Ukimvuta utampindua! Mshike kiuno tu. Chun-bae, nipandishe!"

"Mama, magoti yako..."

"Magoti yangu yalikuomba ruhusa? Nipandishe!"

Chun-bae akambeba kama gunia la mchele, akambandika ubaoni kando ya Ran-hui. Bibi akamkumbatia yule binti, akampapasa tumbo, mkono ukagota pale, akakunja uso. Akamnyang'anya nyundo. Hakugonga. Aliiburuza juu ya chuma, mburuzo mrefu wa kukereza meno.

Kisha kutoka upande wa pili, polepole, mburuzo mwingine ukajibu.

Na ubao ukainama. Ncha ya pili ilifyatuka juu kama mtu mzito amenyanyuka, na wote wakaporomokea kifuani kwa Gyu-tae.

Ran-hui akapiga chafya. "Nani amenimwagia uchafu?" akauliza, na Gyu-tae akalia mbele za watu bila haya.

"Ameondoka, bibi?" Gyu-tae akamuuliza.

"Amekwenda kula." Bibi Pil-sun alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake. "Ule mburuzo ni wa mapumziko. Sisi hatukuwa na alama ya kuacha kazi. Meli moja ikiisha, nyingine inapandishwa."

"Kwa hiyo atarudi?"

"Mapumziko huisha aliyeyaitisha akinyanyuka kurudi kazini. Niliyeyaitisha ni mimi." Akachukua kitunguu saumu. "Na mimi sina haraka. Mpeleke mkeo mbali na bahari. Na mle vizuri. Hasa yeye."

Wakarudi Daegu. Baadaye ndipo walipojua kwamba siku ile Ran-hui hakuwa peke yake kwenye ncha yake. Alizaliwa mtoto wa kike, wakamwita Sol-bi, mashavu kama mapera.

Miaka ikapita kwa amani. Mchana mmoja, wako mezani, simu ya Gyu-tae ikalia. Alikuwa Chun-bae.

"Mama ametutoka," akasema. "Sasa hivi. Alikuwa anamenya vitunguu. Ghafla akasema 'haya', akanyanyuka, akaanguka."

"Akanyanyuka?"

"Akanyanyuka, ndugu yangu."

Gyu-tae hakupata hata kukata simu. Kang', kang', kang'. Kutoka chini ya sufuria ya supu.

Aliruka juu ya meza, akaufumbata mkono wa Ran-hui pamoja na kijiko chake, akaubana kifuani. "Usijibu! Nakuomba, usijibu!"

"Nijibu nini?" Ran-hui akamkodolea macho. "Una wazimu? Mimi sijasikia kitu."

Hakuwa amesikia kweli. Na safari hii aliyeulizwa hakuwa yeye.

Nyuma ya Gyu-tae, kijiko kidogo kiligonga ukingo wa bakuli. Kang', kang'.

Akageuka. Sol-bi alikuwa ameegemea nje ya kiti chake, mwili karibu wote hewani, akimchekea mtu kwenye kiti kitupu cha upande wa pili wa meza. Kwa namna alivyoning'inia, kiti kilipaswa kupinduka.

Hakikuinama.