Kichwa cha Mzazi Kikiuma

Chanthou alikuwa na mtoto wa wiki moja. Alilala kitanda cha mianzi, makaa yakiwaka chini, kama mila yao inavyotaka. Joto hilo lilimkamua jasho. Mama mkwe wake, Bi Phon, alimpa pombe ya mizizi. Maji alimpa ya kulowesha ulimi tu.

Kichwa kilimuuma, leo kuliko jana.

"Umemlisha nini?" Bi Phon alimuuliza mwanawe, Sambath. "Huyu kala mwiko."

"Mama, si wewe ndiye unayepika?"

"Kwa hiyo mimi mchawi?"

Asubuhi mkono wa Chanthou ulilegea. Kisha akashikwa na degedege. Sambath akakimbia kumwita jirani, mkunga Sokhom.

Bi Phon alipomtajia mwiko, Sokhom akafoka: "Mwiko gani! Hospitali, sasa hivi!"

Huko walimpiga picha ya kichwa. Daktari akasema, "Damu imeganda kwenye mishipa inayotoa damu ubongoni. Nyingine imevuja kidogo. Tutamchoma dawa ya kuzuia damu isigande."

Sambath akamkazia macho. "Damu inavuja, halafu unataka isigande? Unataka kumuua?"

"Mbebe mkeo twende," Bi Phon alinong'ona. "Hawa wanajaribia dawa kwetu."

Sokhom, aliyewasindikiza, akasimama mlangoni. "Sambath, mfereji wa shamba la mpunga ukiziba, maji yanafanyaje?"

"Yanajaa. Yanapasua tuta."

"Utahangaika na tuta, mfereji umeziba?"

Sambath alimtazama mkewe. Chanthou alikuwa akikoroma kama mtu anayezama.

"Mchome," Sambath alimwambia daktari. "Lakini mimi sitoki hapa."

Hakutoka. Kila sindano aliuliza ni ya nini. Muuguzi akacheka: "Shemeji, wewe polisi?" Lakini alimjibu kila mara.

Siku zikapita, Chanthou akafungua macho. "Mtoto kanyonya?" Sambath akageukia ukutani, akalia.

Walirudi nyumbani na vidonge vya miezi kadhaa. Daktari aliwaonya: asiache mwenyewe, asichanganye na mizizi wala pombe, aende kupima damu. Asitumie vidonge vya kupanga uzazi kabla ya kumuuliza. Anywe maji ya kutosha. Kunyonyesha ruksa, kwa dawa aliyopewa.

Sasa Chanthou anambeba mwanawe kwa mkono uleule uliolegea.

Na Bi Phon? Bado hamwamini mtu. Akisikia mzazi kijijini analalamika kichwa kinamuuma, anaingia bila hodi, anamwaga maji kwenye makaa, anamgeukia mume wa mzazi huyo:

"Unanitazama nini? Washa pikipiki!"